Glasi ya Asubuhi

Vendula aliutambua ugongaji ule kabla hajaacha kumenya viazi. Mlango uligongwa mara mbili, kikapita kimya kidogo, kisha ukagongwa mara moja tena, kama mtu aliyebadili nia halafu akairudia. Kwa miaka mitatu hakuna aliyeugonga mlango wa baba yake, Mzee Vrba, namna hiyo. Kisu kilimponyoka kikatumbukia kwenye beseni la maganda.

"Hujasikia?" aliuliza baba yake, aliyekuwa ameketi karibu na jiko, miguu ameinyoosha kwenye joto. "Au leo kiziwi ni wewe?"

"Nimesikia, Baba."

"Basi fungua. Kama ni yule jirani na hadithi za magoti yake, mwambie nimelala. Ikibidi mwambie nimekufa."

Vendula alikausha mikono kwenye aproni. Njiani alijikuta anarudisha nywele nyuma ya masikio, akajichukia. Mwanamke mzima, mwalimu wa watu, anatengeneza nywele kwa sababu mlango umegongwa! Lakini aliendelea kuzitengeneza mpaka mkono ukafika kwenye kitasa.

Matouš Kalina alisimama kizingitini amekumbatia jagi la udongo lililofunikwa kitambaa cheupe. Alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa zimeanza kuingia mvi pembeni mwa kidevu. Na ile harufu ya kimea, tamu kama ya mkate unaotolewa tanuri, ilimfikia Vendula kabla ya salamu. Mengi alikuwa ameyasahau, au alijidanganya kwamba ameyasahau. Harufu ile hakuwa ameisahau hata chembe.

"Hujambo, Vendula."

"Sijambo. Na wewe?"

"Mzima tu." Alilitazama jagi lake, akamtazama Vendula, akarudi kwenye jagi. "Nimekuja kwa baba yako. Yupo?"

"Atakwenda wapi?"

Kwa baba yako. Sasa yeye alitegemea nini? Mji mzima wa Podkamení ulijua kwamba Jumamosi hii Matouš anaoa. Buchani, saluni, kwenye chumba cha walimu, habari ilikuwa moja: Kalina wa kiwanda cha bia anamwoa Ludmila, yule mwashi. Vendula alikuwa amesema "hongera zao" mara nyingi hadi taya zikamuuma, na kila aliposema alitabasamu, maana walimwengu hawakosi macho.

Matouš aliinama kufungua kamba za viatu, kama alivyozoea zamani.

"Usivue," Vendula alisema haraka. "Ingia hivyo hivyo."

Mkono wa Matouš ukasimama kwenye kamba. Wanaoambiwa wasivue viatu ni watu wa posta na wasoma mita. Akainuka taratibu, akapangusa nyayo kwenye mkeka kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaingia.

"Shikamoo, Fundi Mkuu," alisema jikoni.

"Marahaba." Mzee Vrba hakugeuka mara moja. "Kalina, siyo? Kaa. Leo hukunisalimu kwa ile salamu yako."

Matouš aliona haya. Wapika bia wa nchi ile wana salamu yao, wanapopishana mlangoni au wanapowasha moto chini ya sufuria: Mungu ajalie heri. Nayo hujibiwa na mpika bia mwenzao tu. Matouš alikuwa ameileta salamu ile kwenye jiko hili mara nyingi, na kila mara Mzee Vrba alimjibu, "Mchana mwema," kama anavyojibiwa mkata tiketi. Mwisho mtu huchoka.

Mzee huyu ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa mwisho wa kiwanda kile cha kilimani. Siku kilipofungwa, aliuzima moto kwa mkono wake chini ya lile sufuria kubwa la shaba, akakabidhi funguo, akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakutaka jina la kiwanda litajwe mezani pake. Vendula alikuwa bado mtoto wa kusuka mikia miwili. Alikua akiliona jengo linakufa mbele ya macho yake. Paa liliingia ndani, miti ikaota kwenye mifereji ya mvua, na njiwa wakageuza sakafu ya kuotesha shayiri kuwa choo chao. Halafu akaja Matouš kutoka Praha na rafiki zake wawili, wote wenye ndevu, wote wameacha kazi za kompyuta na za maana, wakasema watapika bia humo humo, kwenye kuta zile zile. Mji ukacheka mpaka ukashika mbavu.

"Vichaa watatu," Mzee Vrba alisema wakati ule. "Maiti haichezewi. Huyo Kalina asije hapa kuniuliza mambo ya marehemu."

Lakini Kalina alikuja. Aliuliza bomba la maji lilipita wapi, chumba cha barafu kilikuwa na kina gani, hamira ya zamani ilitoka wapi. Mzee alimjibu habari za mvua na za samaki wa bwawani. Majibu hakuyapata, akampata binti. Walipendana huku wanamenya viazi, wakipitishiana kisu, mzee akisinzia au akijifanya amesinzia, na mapenzi yale yalikuwa matamu kwa sababu hakuna aliyeyatamka.

Matouš ndiye aliyetaka kuyatamka. Vendula akasema, ngoja. Akasema, baba hakutaki, tumpe muda. Siku pipa la kwanza lilipokaribia kufunguliwa, Vendula akatoa wazo ambalo baadaye alilijutia usiku na mchana. Walikuwa wamesimama darajani. "Baba nitamleta," alisema. "Akiimaliza glasi yako, basi amekuridhia, na mimi nitakuja kwako siku hiyo hiyo. Asipoimaliza, usiniulize tena." Matouš alikubali, kwa sababu mtu aliyependa hukubali hata ujinga, na kwa sababu bia yake aliiamini. Mzee hakuambiwa lolote.

Na mzee alikwenda kweli. Alikaa kwenye benchi la ukutani katikati ya watu wote, akainua glasi kwenye taa, akanusa, akanywa mpaka katikati. Akaiweka chini. Akavaa kofia, akaondoka, na nusu ya bia ikabaki mezani, kila mtu anaiona. Kwa watu wale hilo ni tusi. Bia haibakizwi, ukibakiza, mwenye baa atakuja mwenyewe kukuuliza amekukosea nini. Minong'ono ilianza kabla mlango haujafungwa. Kesho yake jioni Vendula alikwenda darajani, akamwambia Matouš, "Umeona mwenyewe," akageuka. Yakaishia hapo.

"Sasa umeleta nini?" Mzee Vrba aliuliza, akilinyooshea jagi kidole.

Matouš alifunua kitambaa. "Bia ya harusi. Fundi Mkuu, najua hunipendi. Sikuja kukulazimisha. Lakini Jumamosi kuna pipa la kufunguliwa, na mimi ndiye bwana harusi, haifai nijifungulie mwenyewe. Desturi inataka lifunguliwe na mkubwa wa kiwanda. Nimefikiri sana. Mkubwa wa kiwanda kile ni wewe, hakuna mwingine. Njoo uligonge bomba liingie pipani, mara moja tu, kisha ukitaka kuondoka uondoke."

Supu ya uyoga mkavu ilikuwa inachemka jikoni. Vendula alisimama na mwiko mkononi. Aliomba baba akatae, ili mgeni aondoke haraka. Aliomba pia akubali, ili mgeni akae kidogo. Hakujua ameomba lipi zaidi.

"Bia gani hii?" mzee aliuliza.

"Ile ile ya siku ya kwanza. Sijabadilisha kitu."

"Aa. Ile uliyoninyima."

Matouš alidhani hakusikia vizuri. "Niliyokunyima?"

"Ndiyo. Nilionja nusu, nusu ya pili ukaninyima."

"Mzee, samahani." Sauti ya Matouš ilipanda, akaishusha. "Uliiacha mwenyewe. Nusu nzima mezani, mbele ya watu wote!"

"Niliiacha, ndiyo. Ulitaka niimalize yote usiku ule ule kama mlevi wa sokoni? Mimi sikuja kulewa. Nilikuja kuionja." Mzee Vrba aligeuza kiti, sasa akimkabili, na macho yake yalikuwa yameamka. "Bia ikiwa baridi, ina povu, kuna nyimbo, kuna watu, kila mtu ataisifu. Hata uchafu huwa mtamu hivyo. Sisi mle ndani, fundi akitoa bia mpya, unakunywa nusu jioni, nusu unaiacha wazi juu ya meza mpaka asubuhi. Asubuhi unakuja, hujala kitu, unaionja ikiwa vuguvugu, povu limekwisha. Hapo haina pa kujificha. Ikikuridhisha hapo, unampa mwenzako mkono. Ndivyo nilivyofundishwa na aliyenitangulia, naye kafundishwa hivyo hivyo. Wenzangu wote waliokuwa wanajua wako makaburini, lakini wewe si umesomea? Nilidhani unajua."

Matouš aliliweka jagi mezani.

"Nikaja asubuhi," mzee aliendelea. "Mapema, kabla hamjafungua. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, nikaingia mpaka kwenye ile meza. Glasi imeoshwa. Imeinamishwa kwenye kitambaa, inang'aa. Basi nikaelewa."

"Ukaelewa nini?" Vendula aliuliza. Sauti yake haikutoka vizuri, ikabidi arudie kwa nguvu ili baba asikie. "Ulielewa nini, Baba?"

"Nielewe nini tena? Kumwoshea fundi glasi yake ya asubuhi ni kumwambia, mzee, maneno yako sina haja nayo. Nikasema sawa. Ni kiwanda chake, ana haki. Nikatoka taratibu nisimwamshe mtu." Alinyanyua mabega. "Iliniuma, siwezi kudanganya. Kwa sababu nusu ile ya jioni ilikuwa nzuri. Kuna uchungu wa mwishoni, ule wa nyuma ya ulimi, nilikuwa sijauonja tangu nizime moto. Nilikuwa na hakika asubuhi itakuwa nzuri pia. Nilikwenda pale kukupa mkono, Kalina."

Vendula aliuweka mwiko chini, ukaanguka kwa sababu chini hapakuwa na meza. Hakuna aliyeuokota. Matouš alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Walitazamana kwa mara ya kwanza tangu aingie, kutazamana kwa kweli, na kila mmoja aliona kwa mwenzake miaka ile mitatu ikipita, mlo baada ya mlo, kila mmoja mbali na mwenzake.

"Kwani mna nini ninyi?" mzee alishangaa. "Mmekuwa weupe kama unga. Glasi moja tu! Mambo yamepita. Jumamosi nitakuja, nitaligonga hilo bomba. Ila nusu yangu safari hii usiiguse."

"Sitaigusa," Matouš alisema. "Hata mezani sitamruhusu mtu akaribie."

"Haya." Mzee Vrba akasimama kwa shida, akanyoosha mkono. "Mungu ajalie heri, Kalina."

Matouš aliupokea mkono ule kwa mikono yake yote miwili. Alijaribu kuijibu salamu aliyoisubiri tangu siku ya kwanza alipokanyaga jiko hili, akashindwa, akajaribu tena. "Na aijalie Mungu, Fundi Mkuu," alisema mwishowe, na macho yalikuwa yamejaa.

"Nitamtoa kwa nyuma," Vendula alisema. "Mlango wa mbele umelowa." Haukuwa umelowa, na maneno yenyewe hayakuwa na maana, lakini baba yake alikuwa ameshageukia jagi.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na uwanja mdogo, kamba ya nguo, na vichaka vya mililaki vilivyochanua maua ya zambarau. Juu ya mapaa ya jirani ilionekana dohani ya kiwanda, imesimama wima na matofali mapya kileleni, moshi mwembamba ukitoka. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, lakini kwa umbali ule Mzee Vrba hasikii la mtu asiyepiga kelele.

"Niliiosha mwenyewe," Matouš alisema. "Wenzangu walitaka kuiosha, nikawanyang'anya. Niliisugua kwa chumvi, Vendula. Kwa chumvi! Nilisugua kama vile nataka kuifuta ile siku." Alicheka, na kicheko kikamfia mdomoni.

"Uliona aibu."

"Niliona hasira. Nimepandisha paa, nimetoa mavi ya njiwa kwa koleo, nimelisafisha sufuria la shaba kwa ndimu na majivu mpaka kucha zikatoka, halafu mzee anakuja kuniachia nusu glasi mbele ya mji mzima. Na wewe kesho yake hata hukukaa. 'Umeona mwenyewe.' Basi. Hata kwaheri hukusema."

"Ndivyo tulivyokubaliana."

"Tulikubaliana! Nani aliyeleta yale makubaliano? Mimi nilitaka tumwendee tukae naye hapo jikoni, nimwambie, mzee, nampenda binti yako. Maneno manne hayo. Wewe ndiye uliyesema hapana, tumwache anywe kwanza."

"Nilimwogopa."

"Huyo? Anayemkimbia jirani kwa sababu ya magoti?"

Vendula alicheka, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo, akajifunika uso na aproni. Matouš alipiga hatua kumwendea, akasimama. Mikono yake haikujua iende wapi, akaitia mifukoni.

"Nilimwona," Vendula alisema kutoka ndani ya aproni.

"Ulimwona nani?"

"Baba. Asubuhi ile." Akaishusha aproni. Alitaka aseme hili akiwa anaonekana. "Alinyoa ndevu. Alivaa koti lake la kazini, lile la vifungo vya shaba, ambalo lilikuwa halijatoka sandukuni tangu nikiwa mdogo. Akaniambia anakwenda kununua mkate. Akarudi hana mkate. Amekunja uso, amevua lile koti, amelirudisha sandukuni, hakusema kitu. Mimi nilikuwa hapo, Matouš. Nilijua hakwenda kwa mwokaji. Mtu havai koti lile kwenda kwa mwokaji. Nilikuwa na siku nzima ya kumuuliza, Baba ulikwenda wapi? Siku nzima, mpaka jioni nilipokuja darajani. Sikumuuliza."

"Kwa nini?" Matouš aliuliza.

Hapo ndipo penyewe. Kwa miaka mitatu Vendula alikuwa amejiambia kwamba alinyang'anywa mapenzi yake na baba mkaidi. Lilikuwa jambo la kumliza na la kumfariji pia, na alilala nalo vizuri. Sasa alikuwa amesimama kwenye jua la mchana na uongo wake mkononi.

"Kwa sababu angeweza kuniambia kuwa ni nzuri," alisema. "Na hapo ningelazimika kuja. Kule juu, kwenye jengo lisilo na madirisha, na ndevu zenu tatu, na deni, na mji unacheka. Ningemwacha yeye hapa peke yake na jiko lake. Nilikupenda, Mungu anajua nilikupenda. Lakini niliogopa. Glasi ile ilinipa sababu ya kubaki nyumbani bila kusema kwamba mimi ndiye niliyetaka kubaki. Nikamsingizia baba yangu."

Matouš aliitazama dohani, akaitazama milango ya jirani, akamtazama yeye. Alipozungumza, alizungumza polepole, kama anayepita kwenye ubao mwembamba.

"Na leo?"

"Leo nini?"

"Leo bado unaogopa?"

"Matouš, leo ni Jumatano. Jumamosi unaoa."

"Najua siku. Nakuuliza wewe."

"Ludmila..."

"Usimtaje Ludmila. Ludmila nitamkabili mimi, hilo ni langu. Sema nisioe, Vendula. Sema tu. Natoka hapa nakwenda kwake moja kwa moja, nitamwambia usoni. Mji utanitukana mpaka nizeeke, na utakuwa na haki, wala sijali. Nimekaa miaka mitatu nikidhani sikutosha. Kumbe nilitosha! Nilitosha, jamani!"

Ni uongo kusema hakutaka. Alimwona mbele yake, hatua mbili tu, mtu wake, na ile harufu ya mkate, na alijua kwamba akinyoosha mkono atashikwa, na ya Jumamosi yatajulikana Jumamosi. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

Lakini macho yake yalikuwa kwenye dohani. Vuli iliyofuata baada ya darajani, dohani ile ilikuwa na ufa, wataalamu wakasema ibomolewe. Akaja mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, akajifunga kamba kiunoni, akapanda. Vendula alimwona kutoka hapa hapa, kwenye kamba ya nguo, siku hadi siku, akiweka tofali juu ya tofali kwenye baridi ya kukata masikio. Aliwaona wakati wa theluji Matouš na yule mwanamke wakisukuma toroli moja. Aliuona moshi siku ulipotoka tena kwa mara ya kwanza, na akajua, pasipo kuambiwa na mtu, kwamba aliyeijenga dohani atakaa. Yote hayo aliyaona na shuka mbichi mkononi. Kule juu hakupanda hata mara moja. Hakubeba hata tofali. Glasi haikumzuia mtu kupanda kilima.

"Vendulka!" Sauti ya Mzee Vrba, ikimwita kwa jina lake la utotoni, ilitoka dirishani, kubwa kama ya viziwi wote. "Supu inapoa! Huyo Kalina anakula na sisi, au hali?"

Matouš hakuligeukia dirisha. "Mwambie nakula," alisema kwa sauti ya chini. "Sihitaji neno jingine. Mwambie tu nakula."

Maisha yake yote, Vendula alipoulizwa jambo mbele ya baba yake, alimtazama kwanza baba usoni ndipo akajibu. Safari hii hakulitazama dirisha. Alimtazama Matouš, kope hadi kidevu, mvi zile mpya moja moja, kama mtu anayetaka akumbuke njia. Alimpenda kuliko siku yoyote iliyopita, na alijua ameanza kumpenda vizuri leo, siku ambayo haimsaidii mtu.

"Hali, Baba!" alipaza sauti. "Ana mtu anamsubiri!"

Matouš alifumba macho. Kisha akatikisa kichwa, kukubali au kukataa, Vendula hakujua. "Hukuniuliza mimi kama nitaweza," alisema.

"Utaweza. Yeye alipanda."

Alielewa ni nani aliyepanda, na wapi. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu aliyekumbushwa kitu cha thamani alichotaka kukisahau kwa nusu saa, na aibu ikapita juu yake. Akatoa mkono mfukoni, akamgusa Vendula begani kwa ncha za vidole, juu ya mkanda wa aproni. Halafu akapita kwenye kijigeti, akakifunga nyuma yake kwa uangalifu ili kisilie, na nyayo zake zikasikika kwenye kokoto mpaka kona ya mwokaji.

Vendula alinawa uso kwenye pipa la maji ya mvua. Alipoingia jikoni, baba yake alikuwa ameshajipakulia, amefunga kitambaa shingoni, anapuliza kijiko.

"Umemfukuza?"

"Hapana, Baba. Nimemwacha aende."

"Aa." Mzee alikunywa supu, akaongeza chumvi, akanywa tena. "Mtu mzuri yule. Mwanzoni nilimwona mpuuzi, sikatai. Lakini paa lile amelijenga kwa adabu. Nilipotoka kwao usiku ule nikasema, sasa huyu atakuja kukuposa, na mimi nimejiandaa kumpa. Hakuja. Na wewe hukusema kitu, siku zikaenda." Alimega mkate, akamtazama binti yake kwa udadisi wa kweli, bila ubaya wowote. "Hivi, mwanangu, kwa nini hukumtaka?"

Vendula akavuta kiti chake, akaketi mbele yake.

"Kula, Baba," alisema. "Inapoa."